Mabakuli ya Wachelewaji

Siku walipokata miti ya barabara inayoteremka kuelekea Nkanka, mimi nilikuwa natoka Bukavu na beseni tupu kichwani. Nilifika nyumbani na miguu imevimba, nikamkuta mume wangu amesimama uani kando ya gogo lenye unene wa ng'ombe. Alilileta yeye na wanaume watatu juu ya baiskeli yetu, ambayo tangu siku hiyo haikuwa baiskeli tena.

"Papa, hii ni nini?"

"Ni bakuli."

Nililizunguka lile gogo. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma.

"Miye naona muti tu."

"Bakuli iko ndani."

"Na miye niko na njaa ndani," nikamwambia, "lakini hakuna mwenye alinibeba na baiskeli."

Alikuwa amestaafu mwaka huohuo. Kwa miaka thelathini na kitu alifundisha jiografia katika shule ya sekondari ya huku kwetu, na hadi leo mtaa mzima unamwita Mwalimu. Mwalimu aliyestaafu ni kiumbe wa kuogopwa. Amezoea kusikilizwa na watoto hamsini wasio na ruhusa ya kutoka nje, na ghafla amebaki na mke mmoja, naye mke huyo kila asubuhi anavuka mpaka kwa daraja la Ruzizi kwenda Bukavu kuuza nyanya na vitunguu. Mwezi wa kwanza alifundisha kuku wangu. Alibandika ramani ya mvua kwenye ukuta wa banda lao. Kuku walipunguza mayai.

Halafu akagundua video. Ndani ya simu yake kulikuwa na mzee wa Kizungu, katika kibanda cha nchi yenye theluji, anayekereza mabakuli bila kusema neno. Mbao inazunguka, patasi inagusa, maganda yanaruka kama utepe wa harusi, na bakuli limekwisha. "Dakika kumi, Maman!" aliniambia. "Dakika kumi tu!" Mimi nimepika ugali wa familia maisha yangu yote, na ninajua kwamba jambo la dakika kumi ndani ya simu ni jambo la mwaka mzima nyumbani kwangu.

Barabara ilikuwa inapanuliwa na mfereji wa maji unachimbwa, kwa hiyo jakaranda, grevilea na mikaratusi iliyokuwa pembeni ililazwa chini yote. Matawi yalitoweka siku ileile, wamama wa mlimani wakayapeleka jikoni, na mimi mwenyewe nilijibebea mafungu mawili. Vigogo vyenye mafundo ndivyo vilivyobaki, maana shoka lilivikataa. Kapita, yaani msimamizi wa wale wafanyakazi, alisema yeyote anayevitaka avichukue, tena alikuwa anawaomba watu waviondoe. Mume wangu aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyegawiwa shamba.

Mashine ya kukerezea alitengenezewa Kamembe na fundi wa kuchomelea vyuma. Mota yake ilitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga iliyofia Bugarama. Miguu yake na mgongo wake vilitoka kwenye kitanda chetu cha wageni. Hilo sikuambiwa. Nililijua siku mama yangu alipokuja kutoka Bukavu kutusalimia, tukafungua mlango wa chumba, tukakuta godoro limelala sakafuni peke yake kama mgonjwa. Mama yangu alilala pale siku nne. Hakusema chochote, na kwa mama yangu kutosema chochote ni hotuba ndefu.

Bakuli la kwanza lilikuwa la mkaratusi. Alilikereza kutwa nzima, akalipaka mafuta ya kupikia, yangu, akaliweka juu ya kabati kati ya picha ya harusi yetu na termos. Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Lilinuka dawa ya kikohozi, lakini lilikuwa zuri.

Kesho yake alasiri ilikuwa zamu yangu kupokea kikundi cha sala. Kiongozi wetu tunamwita Maman Prezidanti, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya spika, anayesali macho wazi ili akague samani za mwenye nyumba. Siku hiyo alikuwa anaombea minyororo ikatike. Minyororo ya ukoo, minyororo ya biashara, minyororo ya jirani mwenye kijicho. Alipofika kwenye "ikatike sasa hivi!", bakuli lilipasuka juu ya kabati. Paaa! Kama tairi la lori.

Wamama walipiga kelele. Mmoja alijikuta amepiga magoti bila kukumbuka alishuka vipi kwenye kiti. Maman Prezidanti peke yake hakushtuka. Aliinua mikono, akasema "Amina!" kwa sauti ya mtu anayesaini kazi yake.

Mume wangu aliingia kutoka uani, vumbi limemjaa kichwani. Alichukua bakuli, akatazama ufa uliotoka mdomoni hadi kitakoni, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ni unyevu," akasema.

"Anaitwa nani?" Maman Prezidanti akauliza.

"Unyevu. Iko ndani ya muti."

"Mumesikia, bamaman? Amejitaja jina! Pepo ya Unyevu, toka! Toka ndani ya hii nyumba!"

Tulimkemea huyo Unyevu kwa nusu saa nzima. Mume wangu alisimama mlangoni akitaka kueleza, kila akifungua mdomo wanaongeza sauti. Mimi nilisali pamoja nao kwa nguvu zangu zote. Nyumba yetu iko kwenye mteremko juu ya ziwa, ukuta wa nyuma unalowa mwaka mzima, kwa hiyo maombi hayo hayakuwa ya bure kabisa.

Bakuli la pili, la tatu, la nne, yote yalipasuka. Akahamia kwenye grevilea. Nilimwambia afunge kitambaa puani, vumbi ni jingi. Akanijibu kwamba mzee wa kwenye simu hafungi. Baada ya siku tatu mume wangu aliamka hana macho. Yalikuwepo, nadhani, lakini yalikuwa ndani huko, nyuma ya kope zilizofura. Midomo ilikuwa kama sambusa mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine. Mikono ilijaa vipele hadi kwenye viwiko.

Na siku hiyohiyo tulikuwa na msiba Bukavu. Dada ya mama yangu alikuwa amefariki, hatukuweza kukosa. Tulifika mpakani, binti aliyekuwa dirishani akachukua kitambulisho cha mume wangu. Akatazama picha. Akatazama uso. Akarudi kwenye picha. Kisha akaniangalia mimi.

"Maman, huyu ni nani?"

"Ni bwana yangu."

"Una hakika?"

Nakiri kwamba nilichelewa kidogo kujibu. Mtu hapewi nafasi kama hiyo mara mbili katika ndoa.

"Maman!" mume wangu akalia kupitia sambusa.

"Sauti ni yake," nikasema.

Binti alicheka hadi akafunika mdomo na kile kitambulisho, akampima alama za vidole, akatuachia tupite. Kule msibani, watu walipomwona walitulia. Hakuna aliyewahi kuona mkwe aliyelia kiasi kile. Shangazi yangu mmoja, ambaye tangu tuoane alikuwa anamwita "yule wa ng'ambo", alimkumbatia, akamwambia: "Leo nimejua unatupenda." Mume wangu hakumsahihisha. Na huyu ni mtu aliyesahihisha hati ya ndoa yetu siku ya harusi, mbele ya padri, kwa sababu ya herufi moja.

Tuliporudi, muuguzi wa kituo cha afya alimpa dawa ya kupaka, akamuuliza alishika nini, akamwambia vumbi la mbao ile linawadhuru watu wengine, aachane nalo. Nilifikiri mambo yamekwisha. Nilikusanya mabakuli yote yaliyopasuka, saba kwa jumla, nikapikia maharage. Yaliwaka vizuri mno. Nilimpa sifa hiyo kwa moyo mweupe. Hakuipenda.

Aliyeharibu mpango wangu ni fundi mmoja wa kisiwa cha Nkombo, mwanamume mkavu, mfupi wa maneno, anayetengeneza mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Alikuwa amevuka kuja kununua misumari, akamkuta mume wangu kando ya barabara amepiga magoti mbele ya gogo. Alidhani anaumwa. Mume wangu akamleta nyumbani, akamwonyesha mashine, akamwonyesha bakuli la nane, la jakaranda, lililokuwa bado zima kwa sababu lilikuwa na saa mbili tu tangu lizaliwe.

"Hii muti ilikatwa lini?" fundi akauliza.

"Mwezi iliyopita."

Fundi alicheka mpaka akakalia gogo.

"Mwalimu, hii muti ingali na maji. Unaikereza leo, kesho maji inatoka, muti inajikunja, inapasuka. Chonga nene, nene kabisa. Weka ndani ya mifuko na maganda yake, kwa kivuli, ikauke polepole. Kisha ndiyo unamaliza."

"Miezi mingapi?"

"Muti itakuambia."

"Lakini kadiri, ni miezi mingapi?"

Fundi alimtazama. "Mwalimu, weye ulikuwa unafundisha nini?"

"Jiografia."

"Mambo ya mvua na jua?"

"Ndiyo."

"Ah," akasema fundi.

Alikunywa chai, akachukua misumari yake, akarudi kisiwani. Mume wangu alikaa na ile "ah" siku nzima. Mimi niliihifadhi, na mpaka leo ninaitumia nyumbani pale inapofaa.

Basi tukaanza kungoja. Mabakuli mazito, yasiyo na umbo, yalijaa chini ya kitanda chetu, ndani ya kabati la nguo, nyuma ya mlango. Kila Jumapili baada ya misa aliyapima moja moja kwa mizani yangu ya sokoni ili aone kama maji yamepungua, na kila Jumatatu nilikwenda kuuza nyanya kwa mizani yenye vumbi la mbao. Mvua za masika zikapita, kiangazi kikaja, mpunga ukavunwa Bugarama, mimi bado nalala juu ya mabakuli arobaini kama kuku anayeatamia. Wageni walipouliza, nilisema mume wangu anakusanya viti vya wachawi wadogo.

Alipoyamalizia, niliacha mzaha. Jakaranda ikikauka inakuwa na rangi ya maziwa yaliyochemka, na mishipa ya kahawia inapita ndani yake kama barabara za milimani zilivyo ukizitazama kutoka upande wa pili wa ziwa. Ukilishika bakuli ni jepesi, na linapata joto la mkono upesi. Alinipa la kwanza, akasimama anangoja.

"Linakaa vizuri," nikasema. Nilikuwa na maana kwamba halitikisiki mezani.

Alifurahi wiki nzima. Hadi leo naona aibu kwamba nilimpa kidogo hivyo, naye akaona kimetosha.

Habari zikafika kwa Madame mmoja aliyekuwa amefungua nyumba ya wageni kando ya ziwa. Alikuwa mtu wa Kigali, miwani nyeusi, simu mbili. Alikuja na gari lake, akashika bakuli, akalinusa, akalipiga picha na ziwa likiwa nyuma. Halafu akamuuliza mume wangu kwa Kifaransa historia ya mti ule ni ipi.

"Ulikuwa barabarani," mume wangu akasema. "Waliukata kwa sababu ya mfereji."

Uso wa Madame ulishuka. "Mfereji?"

"Mfereji wa maji ya mvua."

"Hakuna kitu kingine? Hakuna kitu cha zamani?"

Nilimwona anarudisha bakuli mezani. Mimi ni mfanyabiashara. Mteja akirudisha kitu mezani, mdomo wangu unafunguka wenyewe.

"Madame," nikasema, "bibi arusi wa mwami alipumzika chini ya ule mti, siku anavuka ziwa kwenda kuolewa Bushi."

Madame aliposikia habari ya mfalme alivua miwani. Alichukua yote, malipo baadaye.

Gari lilipoondoka, mume wangu alinigeukia. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku nilipomgombeza juu ya kitanda cha wageni.

"Mwami gani?"

"Mwami yeyote."

"Ile ni jakaranda! Jakaranda imetoka Amerika ya Kusini! Ilikuja na Wazungu! Bibi arusi wa mwami alipumzika namna gani chini ya muti yenye haijafika?"

"Basi nenda umwambie."

"Weye ulidanganya, weye utamwambia."

Sikumwambia. Wiki mbili tulizungumza kwa chumvi tu: nipe chumvi, chumvi hii hapa. Kisha Madame akatuma ujumbe kwamba anakuja na wageni wake wanane. Wanataka kuona mahali alipopumzika bibi arusi.

Kisiki kilikuwepo kwa sababu mashine za barabara hazikukifikia. Madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, ndio waliokuwa wamekimiliki. Walikaa juu yake wakila mahindi ya kuchoma, na asubuhi ile mmoja wao, mwanamume wa miaka arobaini hivi, alikuwa amelaza mnyororo wa pikipiki yake pale juu, anaupaka oili. Wageni walishuka kwenye magari. Madame akanyoosha mkono kuelekea kisiki, polepole, kama anafungua pazia. Mama mmoja mrefu wa Kizungu alivua kofia. Mwingine alimwomba yule dereva ruhusa ya kukigusa, na dereva, ambaye hakujua kinachoendelea, akairuhusu kwa ukarimu mkubwa, hata akakifuta kwa kitambaa chake.

Wote wakamgeukia Mwalimu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Alikohoa kama yuko darasani. Akasema kwa Kifaransa: "Mke wangu alikosea."

Hakusema nilidanganya. Alisema nilikosea, na neno hilo nimelitunza.

Kisha akaeleza. Hakukuwa na bibi arusi wala mwami. Miti ile aliipanda yeye, au tuseme ilipandwa na wanafunzi wake waliochelewa. Miaka ile walimu wengine walisimama kwenye lango la shule na fimbo. Yeye hakuipenda fimbo, kwa hiyo alisimama na jembe. Ukikuta kengele imelia, unachimba shimo kando ya barabara, unapanda mche, na unaumwagilia mpaka ushike. Ndiyo maana, akasema, barabara ya upande wa mjini ilikuwa na miti michache, na huku upande wa Nkanka ilikuwa mingi sana.

"Niliona fahari juu ya hii miti," akasema, "mpaka walipoikata. Nilianza kuhesabu visiki, ndipo nikaelewa. Watoto wa mjini walikuwa wanatembea dakika tano. Wa huku walikuwa wanatoka nyumbani kabla ya jua. Sikuwaadhibu wavivu. Niliwaadhibu waliokaa mbali."

Halafu yule dereva mwenye mnyororo akainuka, mikono imejaa oili.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "miye nilipanda tatu."

Mume wangu alimnyooshea kidole.

"Nne," akasema.

Madereva wenzake waliangua kicheko, wageni wakacheka bila kutafsiriwa, yule mama mrefu akajipangusa macho kwa kofia. Mimi nilisimama nikijisikia kama mtu aliyeuza paka sokoni akisema ni sungura, kumbe nyumbani kulikuwa na sungura. Miaka yote niliyoishi na mtu huyu sikuwahi kuisikia habari ya jembe. Asubuhi alizosimama langoni, mimi nilikuwa kwenye foleni ya mpaka. Jioni nilimuuliza kama watoto ni wazima na kama maji yamechotwa. Hayo mengine sikuuliza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilimwambia, "Bakuli ni zuri." Akasema, "Ulishasema." Nikamwambia, "Hapana, nilisema linakaa vizuri." Akafikiri, akasema, "Ah."

Madame, kwa upande wake, hakupoteza muda. Baada ya siku chache tulisikia kwamba kila bakuli hotelini kwake lina kikaratasi kilichochapwa vizuri: mti huu ulipandwa na watoto kwa ajili ya amani na mazingira. Mume wangu aliposikia maneno hayo, mishipa ya shingo ilimsimama. Alitoa biki nyekundu kwenye droo, ile ya kusahihishia mitihani, akapanda moto. Aliketi katika chumba cha kulia cha Madame, kati ya wageni wanaokula samaki, akafuta "kwa ajili ya amani na mazingira" kwenye kila kikaratasi na kuandika juu yake "kwa sababu walichelewa". Madame alimkuta kwenye kikaratasi cha mwisho. Naambiwa hakupaza sauti. Jioni gari lake lilitushushia katoni mbili mlangoni, na mabakuli yetu yote ndani, yamefungwa vizuri kwa magazeti.

Nilikuwa na maneno mengi siku hiyo. Niliyameza. Kesho yake nilipakia katoni pamoja na nyanya, nikavuka nazo, nikayapanga mabakuli katika soko la Kadutu juu ya turubai langu.

Wamama wa Bukavu hawaulizi habari za wafalme. Wanageuza bakuli, wanaligonga kitako kwa kifundo cha kidole, wanasikiliza. Wanauliza kama linavuja. Mmoja alimwaga maji ya kunywa ya jirani yangu ndani yake, akasubiri, sote tukasubiri, halafu akayarudisha kwenye chupa, jirani akamtukana. Wa kwanza kununua alikuwa muuza mandazi, mwanamke mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, aliyetafuta kitu cha kukandia.

"Ilitoka wapi hii?"

"Kwa barabara."

"Unga haishike?"

"Paka mafuta kwanza."

"Bon."

Nilitaka kumwambia habari ya jembe na ya watoto wa Nkanka. Hata nilianza, "Unajua, Maman, hii muti..." Lakini mvua ilikuwa imeanza kudondoka, kila mtu anafunika bidhaa yake. Aliligeuza bakuli, akajifunika nalo kichwani, akaondoka akiruka madimbwi.